Jongo: Ni nyama choma na bia, au ni urithi wa wazazi?

Na Mwandishi Wetu

HUANZA usiku wa manane. Mtu amelala akiwa mzima wa afya, lakini kabla ya alfajiri anaamshwa na maumivu makali ya kidole gumba cha mguu. Kidole kimevimba, ngozi imekakamaa na kung'aa, na joto lake ni kama la mtu aliyeungua. Hata shuka ikikigusa, mgonjwa hupiga kelele.

Asubuhi majirani huja kumjulia hali, na kila mmoja ana lake. Wa kwanza ananong'ona kwamba mwenzao amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Wa pili anacheka na kumwambia apunguze nyama choma na bia, kwani huo ni ugonjwa wa walafi. Wa tatu, aliye mtu mzima zaidi, anakumbuka kwamba marehemu baba wa mgonjwa naye alikuwa akichechemea hivyo hivyo, tena mguu ule ule.

Kati ya majirani hao watatu, wa kwanza amekosea kabisa. Wa pili ana sehemu ndogo ya ukweli. Aliyeukaribia zaidi ukweli ni huyo wa tatu.

Maradhi hayo ni jongo, ambayo watu wengi hapa kwetu huyaita gauti. Ni miongoni mwa magonjwa ya kale kabisa kuandikwa katika historia ya tiba. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuandika na kubainisha kwamba mwanamke haupati mpaka hedhi yake ikome. Kwa karne nyingi huko Ulaya uliitwa ugonjwa wa wafalme, kwa kuwa ulionekana zaidi kwa waliokula na kunywa kwa anasa. Jina hilo limebaki na fedheha yake: mgonjwa wa jongo hutazamwa kama mtu aliyejitakia.

Utafiti uliofanywa tangu mwanzoni mwa karne hii unaonyesha picha iliyo tofauti. Sehemu kubwa ya tofauti iliyopo kati ya mtu anayepata jongo na asiyepata imo ndani ya chembe za urithi, yaani jeni, ambazo kila mmoja wetu huzipokea kutoka kwa baba na mama kabla hajaonja hata tonge moja la chakula.

Asidi inayogeuka sindano

Ili kuelewa jinsi urithi unavyohusika, hatuna budi kwanza kuelewa ugonjwa wenyewe unavyotokea.

Kila chembe hai ya mwili ina kemikali ziitwazo purini, ambazo ni sehemu ya vinasaba. Chembe inapokufa, purini zake huvunjwavunjwa. Purini nyingine huingia mwilini kwa njia ya chakula, hasa nyama, maini, figo, dagaa na aina nyingine za samaki. Kazi hiyo ya kuvunjavunja inapofika mwisho, hubaki taka iitwayo asidi ya yuriki, ambayo husafirishwa na damu. Takriban theluthi mbili ya taka hiyo hutolewa na figo kwa njia ya mkojo, na sehemu iliyobaki hutoka kupitia utumbo.

Damu ina kiwango cha asidi hiyo inachoweza kukibeba ikiwa imeyeyuka. Kiwango hicho ni kama miligramu 6.8 kwa kila desilita moja ya damu. Kikizidi hapo kwa muda mrefu, asidi huanza kuganda taratibu na kuwa fuwele ndogo zenye ncha kali kama sindano, mfano wa sukari iliyozidi katika chai iliyopoa. Fuwele hizo hupenda kujikusanya mahali penye ubaridi, na ndiyo maana kidole cha mguu, kilicho mbali na moyo, huwa cha kwanza kuathirika mara nyingi.

Fuwele zinaweza kukaa kwenye kiungo kwa miaka bila mwenyewe kujua. Siku askari wa kinga ya mwili wanapozigundua, huzishambulia kana kwamba ni adui aliyevamia. Vita hiyo ndiyo mgonjwa anayoihisi kama uvimbe, joto na maumivu. Baada ya wiki moja au mbili vita hutulia na mgonjwa hudhani amepona, kumbe fuwele bado zipo pale pale zikisubiri siku nyingine.

Uhusiano kati ya asidi hii na jongo ulithibitishwa na daktari Mwingereza, Alfred Garrod, ambaye mwaka 1848 aliikuta kwa wingi katika damu ya wagonjwa. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya karne nzima, hadi mwaka 1961, kwa Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Marekani kuzitambua fuwele hizo kwa hadubini maalumu katika majimaji yaliyofyonzwa kutoka kwenye viungo vya wagonjwa.

Kimeng'enya tulichokipoteza

Urithi wa kwanza unaohusika na jongo ni wa binadamu wote.

Wanyama wengi wanyonyeshao wana kimeng'enya kiitwacho yurikasi, kinachoigeuza asidi ya yuriki kuwa kemikali nyingine inayoyeyuka kwa urahisi na kutoka na mkojo. Ng'ombe, mbwa na panya wanacho, na kwa sababu hiyo kiwango cha asidi katika damu yao ni kidogo mno. Binadamu hana, na vivyo hivyo sokwe na gorila. Wanasayansi wanakadiria kwamba mababu wa jamii hiyo walikipoteza zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, baada ya jeni inayokitengeneza kuharibika kidogo kidogo hadi ikafa.

Jeni hiyo bado tunayo. Imo ndani ya kila mmoja wetu ikiwa imevunjika, mithili ya mashine ya zamani iliyoachwa ghalani, haifanyi kazi lakini haijatupwa. Wapo watafiti wanaoamini kwamba kuipoteza kuliwafaa mababu hao, huenda kwa kuwasaidia kuhifadhi mafuta mwilini nyakati za njaa au kwa kuzilinda chembe za mwili, kwani asidi ya yuriki ina uwezo wa kuzuia baadhi ya kemikali haribifu. Mjadala huo haujafungwa. Lililo wazi ni gharama yake: kiwango cha kawaida cha asidi katika damu ya binadamu kipo karibu sana na mpaka wa kuganda. Likitokea jambo dogo la kukipandisha, mpaka unavukwa.

Walinzi wa mlango wa figo

Kama binadamu wote tumepoteza kimeng'enya hicho, kwa nini basi mmoja augue na mwenzake wa meza moja asiugue? Jibu kwa sehemu kubwa limo katika figo na utumbo.

Figo huchuja asidi ya yuriki kutoka kwenye damu, lakini si yote inayochujwa inayotoka na mkojo. Takriban asilimia 90 hurudishwa tena mwilini. Kazi ya kurudisha na kutoa hufanywa na protini maalumu zilizo kama walinzi wa mlango: wengine huirudisha asidi ndani, wengine huisukuma nje. Kila mlinzi hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake, na jeni hizo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Wagonjwa wengi wa jongo hawatengenezi asidi nyingi kuliko wenzao. Tatizo lao ni kwamba walinzi wao wanairudisha mno, au hawaitoi vya kutosha.

Mlinzi wa kwanza kujulikana aligunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 2002. Jeni yake huitwa SLC22A12, na kazi yake ni kuirudisha asidi mwilini. Wapo watu, hasa nchini Japani, waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika. Kwa kuwa asidi yao hairudishwi, kiwango chake katika damu huwa cha chini sana, nao ni nadra mno kupata jongo. Hata hivyo, si kwamba wamepata neema tupu, kwani baadhi yao figo huweza kushindwa kufanya kazi ghafla baada ya mazoezi makali.

Mlinzi wa pili, wa jeni ya SLC2A9, alijitokeza katika tafiti za mwaka 2007 na 2008. Awali jeni hiyo ilidhaniwa kuwa ya kusafirisha sukari, kwa kuwa ni ya ukoo huo. Ilipochunguzwa zaidi ilionekana kwamba ni msafirishaji hodari wa asidi ya yuriki, na kwamba tofauti zake zina nguvu zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Hata mbwa wa madoadoa wa aina ya Dalmatian, ambao hujulikana kwa kutoa asidi nyingi kwenye mkojo na kupata mawe ya kibofu, wana kasoro katika jeni hiyo hiyo.

Mlinzi wa tatu ni wa jeni ya ABCG2, ambaye huisukuma asidi nje, katika figo na vilevile katika utumbo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo hupunguza uwezo wa mlinzi huyo kwa takriban nusu. Badiliko hilo ni la kawaida sana Mashariki ya mbali, ambako karibu nakala tatu katika kila 10 za jeni hiyo zinalo. Barani Ulaya ni kama nakala moja katika kila 10, na kwa Waafrika ni nadra zaidi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya jongo lisisambae kwa usawa duniani. Nchini New Zealand, kwa mfano, Wamaori na watu wenye asili ya visiwa vya Pasifiki huugua kwa kiwango kinachozidi mara mbili kile cha wenzao wenye asili ya Ulaya.

Haba na haba

Ingekuwa rahisi kama jongo lingetokana na jeni moja, kama ilivyo kwa ugonjwa wa selimundu. Sivyo lilivyo. Isipokuwa kwa familia chache, jongo ni tokeo la jeni nyingi zinazochangia kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba: mtu aliyerithi mabadiliko machache yenye madhara anaweza asiugue maisha yake yote, na aliyerithi mengi anaweza kuugua hata akila kwa kiasi.

Idadi ya jeni zinazohusishwa imekuwa ikiongezeka kadiri watu wanaochunguzwa walivyoongezeka. Mwaka 2013 uchunguzi wa watu zaidi ya 140,000 wenye asili ya Ulaya ulibainisha maeneo 28 ya vinasaba yanayohusiana na kiwango cha asidi ya yuriki. Mwaka 2019 maeneo hayo yalifikia 183. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa kimataifa lilitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya watu milioni 2.6, wakiwamo wagonjwa wa jongo zaidi ya 120,000, na kubainisha maeneo 377.

Tafiti za mapacha nazo zinaelekeza huko huko. Mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni sawa, hukaribiana zaidi katika kiwango cha asidi kuliko mapacha wasiofanana, ingawa wote wamelelewa nyumba moja na kula chungu kimoja. Kutokana na tafiti za namna hiyo na za familia, makadirio mengi huweka mchango wa urithi katika kiwango cha asidi kati ya asilimia 40 na 70.

Je, chakula hakina hatia?

Hapa ndipo swali la jirani wa pili linapostahili jibu la haki.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa watu 16,760 wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Watafiti walilinganisha mchango wa vyakula na mchango wa vinasaba katika kuzifanya damu za watu zitofautiane kwa kiwango cha asidi ya yuriki. Hakuna chakula hata kimoja kilichoeleza zaidi ya asilimia 0.3 ya tofauti hiyo. Tofauti za kawaida za vinasaba zilieleza karibu asilimia 24.

Takwimu hizo zisieleweke vibaya. Hazisemi kwamba mgonjwa anaweza kula maini na kunywa bia usiku kucha bila kudhurika. Zinasema kwamba ukiwachukua watu wengi na kuuliza kwa nini asidi ya huyu ni nyingi na ya yule ni kidogo, sahani zao hazitakupa jibu kubwa. Kwa mtu ambaye viungo vyake tayari vina fuwele, karamu moja ya nyama na pombe inaweza kabisa kuliamsha shambulio. Urithi ndio uliokusanya kuni kwa miaka mingi, na karamu ikawa njiti ya kiberiti.

Aina ya chakula nayo ina maana yake. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba nyama na vyakula vya baharini huongeza hatari ya jongo, na kwamba maziwa yanaambatana na hatari ndogo zaidi. Mboga zenye purini hazikuongeza hatari. Jambo hili lina uzito hapa kwetu, ambako wagonjwa wengi huambiwa waache maharage na mchicha, chakula kilicho tegemeo la familia zisizomudu nyama. Katika uchunguzi wa watu hao hao, bia ilionekana kuwa na madhara kuliko pombe nyingine. Vinywaji vyenye sukari nyingi, zikiwamo soda, navyo hupandisha asidi.

Wenye asidi nyingi wasiougua

Kuna fumbo jingine. Watu wengi wana asidi ya yuriki iliyozidi na hawajawahi kuumwa hata siku moja. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hata miongoni mwa wenye miligramu 10 au zaidi kwa desilita, kiwango ambacho ni kikubwa sana, ni takriban nusu tu waliopata jongo katika kipindi cha miaka 15.

Inaonekana, basi, kwamba asidi kuwa nyingi ni hatua ya kwanza, na kuna hatua nyingine mbili: fuwele kuundwa, na kinga ya mwili kuzishambulia. Mwaka 2006 watafiti wa Uswisi walieleza jinsi fuwele zinavyoiamsha mitambo fulani ndani ya chembe za kinga, mitambo ambayo hutoa kemikali za kuleta uvimbe na homa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2024 ulikuta kwamba baadhi ya jeni zinazohusishwa na jongo ni za kinga ya mwili, si za figo. Kwa maneno mengine, watu wawili wanaweza kuwa na fuwele sawa, lakini askari wa mmoja wakawa wakali kuliko wa mwenzake.

Jinsia na umri pia vina nafasi yake. Homoni za kike huzisaidia figo kutoa asidi, ndiyo sababu mwanamke hulindwa hadi hedhi inapokoma, kama alivyoona Hippocrates. Baada ya hapo kinga hiyo hupungua.

Familia chache zenye mzigo mkubwa

Zipo hali nadra ambazo jeni moja pekee hutosha kuleta maradhi. Mwaka 1964 Michael Lesch na William Nyhan walieleza ugonjwa wa watoto wa kiume ambao hutengeneza asidi ya yuriki kupita kiasi, mwili wao hukakamaa, na hujiuma midomo na vidole bila kuweza kujizuia. Chanzo chake ni kukosekana kwa kimeng'enya kimoja ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya X, na ndiyo maana mama huweza kuibeba bila kuugua na kumrithisha mwanawe wa kiume.

Katika familia nyingine jeni iitwayo UMOD ikiwa na kasoro huleta asidi nyingi na kuharibu figo polepole, na kila mtoto wa mgonjwa huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kwa hiyo kijana anayepata jongo akiwa na umri mdogo, hasa kama katika ukoo wake kuna watu waliofariki kwa ugonjwa wa figo, hastahili kupewa dawa za maumivu tu na kurudishwa nyumbani. Anapaswa kuchunguzwa figo zake.

Afrika Mashariki

Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliandika kwamba jongo ni nadra kwa Waafrika. Mwaka 1947 Hugh Trowell, daktari aliyefanya kazi kwa muda mrefu katika Hospitali ya Mulago nchini Uganda, aliona mgonjwa mmoja tu wa Kiafrika kuwa ni jambo linalostahili kuandikiwa makala ya kitabibu. Leo madaktari wa mijini hawastaajabu tena wanapomwona mgonjwa kama huyo.

Vinasaba havibadiliki katika kizazi kimoja au viwili. Kilichobadilika ni mazingira yanayovizunguka: watu wanaishi umri mrefu zaidi, uzito umeongezeka, na shinikizo la damu limekuwa ugonjwa wa kila mtaa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki, na aspirini ya kiwango kidogo hufanya vivyo hivyo. Pirazinamidi, ambayo ni mojawapo ya dawa za kifua kikuu zinazotumika katika miezi miwili ya mwanzo, huipandisha sana asidi hiyo na mara nyingine huleta maumivu ya viungo. Wagonjwa wa selimundu nao, kwa kuwa chembe zao nyekundu hufa haraka, hutengeneza asidi nyingi kuliko kawaida. Katika hali zote hizo, aliyerithi walinzi dhaifu ndiye wa kwanza kuvuka mpaka. Hata hivyo, hakuna anayepaswa kuacha dawa aliyoandikiwa kwa kuhofia jongo. Anachotakiwa kufanya ni kumweleza daktari.

Upo pia upungufu katika elimu yenyewe. Sehemu kubwa ya watu waliochunguzwa vinasaba katika tafiti hizi ni wenye asili ya Ulaya na Asia. Waafrika, ambao vinasaba vyao ndivyo vyenye tofauti nyingi zaidi duniani, wamekuwa wachache. Kwa hiyo vipimo vya kukadiria hatari ya jongo kwa kutumia jeni, vilivyotengenezwa kwa takwimu za Ulaya, haviwezi kuaminiwa moja kwa moja kwa mgonjwa wa Mwanza au Kisumu.

Urithi na dawa

Habari njema ni kwamba jongo lina tiba. Dawa inayotumika zaidi kupunguza asidi ni alopurinoli, ambayo huzuia asidi isitengenezwe. Ilibuniwa na Gertrude Elion na George Hitchings wa Marekani, ambao mwaka 1988 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na James Black kwa kazi zao katika kubuni dawa. Mgonjwa anayeitumia vizuri, kiwango chake kikashushwa chini ya miligramu 6 kwa desilita na kubaki hapo, fuwele zake huyeyuka taratibu na mashambulio hukoma.

Lakini hata hapa urithi una neno lake. Kwa watu wachache sana alopurinoli huleta mzio mkali ambao hubabua ngozi na unaweza kuua. Mwaka 2005 watafiti wa Taiwan walikuta kwamba wagonjwa wote 51 waliopata mzio huo walikuwa na alama moja ya kinga ya mwili waliyoirithi, iitwayo HLA-B*58:01. Wengi wenye alama hiyo hutumia dawa bila tatizo, ila hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine. Mwongozo wa chama cha madaktari wa viungo cha Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza kipimo cha alama hiyo kwa watu wenye asili ya Asia ya kusini mashariki na kwa Wamarekani weusi. Alama hiyo ipo pia kwa Waafrika.

Pasipo na kipimo hicho, kuna kinga iliyo rahisi: kuanza na dozi ndogo isiyozidi miligramu 100 kwa siku, kuiongeza polepole chini ya uangalizi wa daktari, na kuiacha mara moja na kukimbilia hospitali ukiona vipele, vidonda mdomoni au homa.

Mfano wa pili unawahusu zaidi watu wa maeneo ya malaria. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD hurithiwa, na umeenea katika maeneo hayo kwa sababu humpa mwenye nao kinga kiasi dhidi ya malaria. Zipo dawa za kisasa za jongo sugu zinazomrudishia mgonjwa, kwa sindano, kile kimeng'enya ambacho mababu walikipoteza. Mwenye upungufu wa G6PD haruhusiwi kabisa kuzitumia, kwani chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi.

Mgonjwa afanye nini?

La kwanza ni kupima. Kiungo kinachovimba ghafla kinaweza kuwa jongo, lakini pia kinaweza kuwa na vijidudu, na hilo likitokea kila saa ni muhimu. Mwenye uvimbe pamoja na homa asisubiri kesho. Kipimo cha uhakika ni kufyonza majimaji ya kiungo na kutafuta fuwele kwa hadubini. Kipimo cha asidi katika damu ni rahisi zaidi, ila wakati wa shambulio kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida, hivyo ni vyema kikarudiwa baada ya maumivu kutulia. Kipimo cha jeni hakihitajiki ili kuutambua ugonjwa.

La pili ni kuacha tabia ya kununua diklofenaki dukani kila maumivu yanaporudi. Dawa za aina hiyo hutuliza shambulio, lakini haziondoi asidi hata kidogo, na zikitumika mara kwa mara huumiza tumbo na figo. Mtu anayezimeza kwa miaka huku asidi ikiendelea kujikusanya anaweza kuishia na vinundu kwenye vidole, viungo vilivyopinda, na figo zilizochoka.

La tatu ni kwa ndugu. Mgonjwa awaeleze wanawe na wadogo zake bila aibu. Wao hawana haja ya kuingiwa na hofu, kwani kurithi uwezekano si kurithi ugonjwa. Lakini wana sababu ya kulinda uzito wao, kupunguza bia na soda, kunywa maji ya kutosha na kupima shinikizo la damu na figo mapema kuliko wengine.

La mwisho ni kwa majirani. Mtu anayechechemea kwa jongo hajarogwa, na mara nyingi si mlafi kuliko wewe unayemcheka. Huenda mmekula sahani moja miaka yote, isipokuwa figo zako zilirithi walinzi imara na zake hazikurithi. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkondo huo hatukuuchimba sisi, lakini kwa kupima mapema na kutumia dawa ipasavyo, inawezekana kabisa kuyazuia maji yasiibomoe nyumba.